Cansilde Kampire, Mama wa Mabinti wa Mfalme Walionyolewa

Wapendwa mliopanda hadi hapa Nengo, ninyi mliovuka mpaka kutoka Goma tangu alfajiri, ninyi mlioteremka kutoka Busasamana na udongo bado uko kwenye viatu, na ninyi majirani ambao hamkuhitaji kusafiri kwa sababu tangu Jumanne hamjaondoka, familia inawashukuru kwa kuja, na imenisimamisha mimi Hakizimana, mtoto wa dada wa marehemu, niwasomee maisha yake kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha inayotukutanisha sisi sote, na kwa sababu nilikulia Karagwe, Tanzania, ambako inasemekana Kiswahili huvaa tai. Marehemu alikuwa akinicheka sana kwa hiyo tai. Mkijisikia kucheka mahali fulani msijizuie, kwa maana familia hii haikuja na majonzi peke yake, imekuja pia kama mtu aliyetua gunia, na sababu mtaielewa tutakapofika kwenye sehemu ya watoto.

Marehemu Cansilde Kampire alizaliwa tarehe 3 Aprili 1966 mjini Goma, mtaa wa Birere, akiwa mtoto wa tatu wa wazazi waliokuwa wamelikimbia eneo la Nyundo miaka michache kabla, nyuma ya dada yake aliyeolewa Karagwe na kaka yake Mzee Kayitare, ambaye mnamwona hapa mbele amekaa, na ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kuwa hakuna posa iliyofanyika mjini hapa kwa miaka thelathini bila yeye kushika kipaza sauti.

Alianza shule ya msingi kwa masista wa Goma mwezi Septemba 1972, na tangu darasa la kwanza alijulikana kwa swali moja lililowachosha walimu wote. Sista akisimulia hadithi ya binti mfalme, akafika pale kwenye harusi, kengele za kanisa zikalia na watoto wakapiga makofi, Cansilde alikuwa akinyoosha mkono na kuuliza, na kesho yake alifanya nini? Sista akijibu kwamba waliishi kwa raha, yeye aliuliza tena, sawa, lakini asubuhi ile, alipoamka, alifanya nini? Hakupata jibu, akapata adhabu ya kufagia darasa, na alifagia bila kinyongo, lakini swali hakulirudisha mfukoni. Alipata diploma yake ya ualimu mwaka 1986, akafundisha Goma hadi familia ilipovuka mpaka kurudi Rwanda, hapa Gisenyi, mwezi Desemba 1994, na kuanzia Januari 1995 alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya mjini hapa, kazi aliyoifanya hadi Julai 2024, alipoanza kuchoka bila sababu.

Alifunga ndoa takatifu na marehemu Narcisse Habineza, karani wa forodha, mtu mpole aliyependa redio na ukimya kwa kiasi kilekile, tarehe 17 Agosti 1996 katika kanisa kuu la Nyundo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Uwera aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1997, na Kimenyi aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 2001. Bwana Narcisse aliitwa na Mungu mwaka 2009, na tangu hapo Mama Uwera, kama alivyoitwa mtaani, aliwalea watoto peke yake.

Sasa kuhusu vitabu. Mwaka 2003 shule ililetewa sanduku la vitabu vya picha kutoka nje, na kimoja kilikuwa na binti mfalme aliyefungiwa kwenye mnara mrefu, akiteremsha nywele zake dirishani ili kijana apande. Mwalimu Cansilde alikisoma vizuri, kwa sauti yake ile, na alipofika kwenye nywele mtoto mmoja wa kike aliyekuwa amenyolewa kichwa kama wenzake wote, kama kanuni ya shule inavyotaka, akauliza, "Mwalimu, huyu na nywele yake yote hii, nani alimuacha aingie ku masomo?" Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu akacheka nalo, lakini njiani akirudi nyumbani hakuwa akicheka tena, alikuwa akifikiri. Kwa miaka thelathini alikuwa akiuliza binti mfalme alifanya nini kesho yake, na mtoto wa miaka tisa akawa amempa jibu, kwamba alinyolewa, akaenda shule.

Basi ndivyo walivyozaliwa mabinti wa mfalme ambao watoto wa mkoa huu wanawajua kuliko wajomba zao. Wa kwanza amefungiwa juu kwenye bweni, kichwa kimenyolewa, hana unywele hata mmoja wa kuteremsha, kwa hiyo anafunga mashuka ya wenzake fundo kwa fundo, anashuka, anakwenda kuchungulia moshi wa volkano na kurudi kabla ya kengele ya uji. Wa pili ni yule anayesinzia darasani mpaka watu wanadhani amelogwa, kumbe usiku alikuwa akichora ramani ya ziwa, na mwana wa mfalme anapokuja kumwamsha anamkuta yuko macho, anamuuliza kama amemaliza hesabu. Wa tatu amepoteza kandambili moja kwenye mawe ya volkano, na hamngojei mtu wa kumletea, anarudi mwenyewe kuitafuta. Wa nne anaokota chura ziwani, anamweka kwenye chupa kwa ajili ya somo la viumbe, na chura anapoomba busu anamwambia angoje zamu yake. Vitabu vilianza kama karatasi zilizobanwa kwa pini, vikaja kuchapwa Kigali kwa Kiswahili na Kinyarwanda, vikaingia kwenye maktaba za shule, na katika vyote hakuna binti mfalme hata mmoja aliyeolewa.

Jambo moja lazima lisemwe. Mabinti hao wote walikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, waliandika kwa mkono wa kushoto, na walipokasirika walikunja pua upande mmoja. Kila aliyemjua Uwera alijua walichukuliwa kwa nani. Mama alifanya hivyo kwa mapenzi, kama mama mwingine anavyomshonea mwanawe gauni, na hakuwaza kwamba gauni hilo mtoto hataweza kulivua. Uwera alipopelekwa sekondari Nyundo, wasichana walimpokea langoni wakimuuliza yeye ni yupi kati ya wale, wa mashuka au wa chura, na alipoingia chuo kikuu Huye mwaka 2017 kusomea mambo ya miamba na volkano, mama alijua, na sote tulijua, kwamba kitabu cha tano kimeanza kujiandika chenyewe.

Mwezi Mei 2018 Uwera alirudi nyumbani na mizigo yake yote, akasema haendi tena Huye, na kwamba anataka kuolewa na Ndayisenga, kijana mkulima wa viazi kule Busasamana, ambaye alikutana naye walipokwenda na wenzake kupima nyufa za ardhi kwenye shamba lake. Kijana hakuwa na kasoro. Alikuwa na adabu, na nyumba ya mabati, na viazi. Lakini mama alisikia kengele zilezile za harusi za hadithi za masista, akaona binti mfalme wake anaingia mlango ambao yeye miaka yote alikuwa akiufunga kwa matofali, na akasema hapana. Baada ya hapo hakula siku nzima.

Wazee walisema kijana aliyefuata desturi asikilizwe, na siku ya posa ikapangwa Jumamosi tarehe 11 Agosti 2018, katika uwanja huuhuu. Mama alimwita kaka yake Kayitare, akamwambia kwamba yeye kama msemaji wa familia asimame na akatae, na akatae kweli. Mzee Kayitare alikubali. Ila ndugu zangu, mnajua posa zetu zilivyo. Kwa desturi msemaji wa upande wa binti lazima akatae, aseme binti hayupo, binti bado mdogo, binti yuko masomoni, hatuwajui ninyi, rudini mlikotoka, na wageni lazima wacheke, wapige makofi, waongeze kreti ya bia na kuomba upya. Mzee Kayitare akasimama, akasema kwa uso mkavu kwamba binti yetu bado anasoma na hatumtoi. Wageni wakapiga makofi. Akasema simfanyii mtu mzaha, hatumtoi leo, hatumtoi kesho. Msemaji wa wakwe akamsifu mbele za watu, akasema katika maisha yake hajasikia mtu anayekataa vizuri namna hiyo, akaongeza bia. Kadiri mzee wetu alivyokataa, ndivyo walivyozidi kufurahi, na alipotafuta maneno ya hapana ya kweli aliyakosa, kwa kuwa yote yalikuwa yameshatumika kwenye harusi za watu. Shangazi za Uwera wakaanza kuimba, Uwera akatoka amevaa mshanana wake, vazi la sherehe linalofungwa begani, na Mzee Kayitare, ambaye hajawahi kumaliza posa bila kutoa binti, mdomo wake ukamtoa kwa mazoea. Mpaka leo anaapa kwamba alikataa kwa moyo wote. Wapo wanaosema alikataa kwa mdomo tu, na familia imeamua kutochunguza.

Mama Uwera aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wiki iliyofuata, siku ya harusi, hakwenda kanisani. Na kwa sababu hakwenda, ile sherehe ya kumfunua bibi harusi, ambapo ndugu za binti hupeleka vikapu na pombe ya mtama kwa wakwe, mama akamwondolea mwanawe mtandio, na bibi harusi akawa huru kutoka nje, kushika jembe na kupokea wageni kwake, haikufanyika. Aliwakataza shangazi za Uwera wasiende bila yeye. Na desturi inasema mama hakanyagi kwa mkwewe kabla ya sherehe hiyo, kwa hiyo mama yetu, ambaye maisha yake yote aliichokoza desturi kila alipokutana nayo, kwa hili alijificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya sketi. Akiulizwa habari za Uwera alijibu kwamba yeye hawezi kwenda, mila haimruhusu.

Miaka ikapita. Nyumba zilipopasuka kwa matetemeko ya mwezi Mei 2021 na sisi tukalala uwanjani, lilikuja gunia la viazi kutoka Busasamana bila neno lolote, na mama akaligawa kwa majirani wote, yeye mwenyewe asionje hata kimoja. Kule juu Uwera alizaa binti, Uwimana, kisha mwana, Gatete, akawa analima, anavuna, anauza, na mama mkwe wake, mwanamke wa utani mwingi, aliendelea kumwita bibi harusi kila alipomwona akirudi shambani na jembe begani, kwa maana kwa mila alikuwa bado hajafunuliwa. Na yule mwalimu aliyewasumbua masista kwa swali la kesho yake, kwa habari ya mwanawe mwenyewe hakuuliza hata mara moja. Ukweli tuuseme, ilituuma, na tuliogopa. Tuliogopa hasa siku hii ya leo, kwamba msomaji atafika kwenye sehemu ya watoto, atataja jina la Uwera, na kiti chake kitakuwa kitupu.

Mwezi Novemba 2024 madaktari waligundua saratani ya ini, na hawakumficha kitu, kwa sababu hakuwa mtu wa kufichwa. Aliipokea kwa utulivu kuliko sisi. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa, akapata nafuu tena, na katika nafuu hiyo ya pili, siku moja baada ya misa, alimwambia Kimenyi atafute gari, akamwambia Mzee Kayitare avae koti, akatuma watu sokoni kununua vikapu vya kufuma vyenye vifuniko. Tulipomuuliza ni harusi ya nani, alijibu kwamba ni ya mtoto wake, na kwamba amechelewa kidogo.

Jumamosi tarehe 24 Mei 2025 tulipanda Busasamana, miaka karibu saba baada ya harusi, na vikapu vyetu na pombe yetu ya mtama, mama akiwa kiti cha mbele, amekonda, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Wakwe walikuwa wamepata habari, na Mungu awabariki, hawakusema hata neno la lawama, walicheza mchezo wote tangu mwanzo kana kwamba harusi ilikuwa jana. Walitupokea kwa nyimbo. Walisema bibi harusi yuko ndani, hajatoka bado, ana haya. Bibi harusi huyo asubuhi alikuwa amechimba viazi, udongo ulikuwa bado kwenye kucha, lakini walimvisha mshanana, wakamfunika mtandio, wakamkalisha kwenye mkeka, na watoto wake wawili wakakaa pembeni wakishangaa mama yao ana nini leo. Mzee Kayitare akakohoa, akaanza hotuba kuhusu ng'ombe na malisho. Mama akamgusa mkono, akamwambia taratibu anyamaze, akapiga magoti kwa shida, akaondoa mtandio kwa mikono yake mwenyewe.

Walitazamana. Nyimbo zilikwisha zenyewe. Uwera ndiye aliyesema kwanza, na sisi tuliokuwa karibu tulisikia.

"Mama, mi sikukimbia masomo. Nilikimbia ule mutoto wa mu vitabu. Kila fasi nilienda, watu walikuwa wanamutafuta yeye, mi niko tu mutu wa kumubeba. Nilitaka kuwa mutoto yako tu, basi."

Tuliomjua mama tulijua kwamba alikuwa akivipitia vile vitabu vyote kichwani, ukurasa kwa ukurasa, akiutazama ule mwanya wa meno. Kisha akasema, "Mi sikuona, mutoto yangu. Unisamehe." Halafu, kwa kuwa machozi hakuyapenda mbele ya wakwe, akaongeza, "Bon, nipe viazi nikule."

Alikula viazi vya Busasamana siku ile kama mtu aliyefunga miaka saba. Akamuuliza Uwera alifanya nini kesho yake ya harusi, akajibiwa kwamba mvua ilinyesha na ng'ombe wa jirani aliingia shambani, akataka kujua ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Waliongea hivyo mpaka dereva akaanza kupiga honi. Njiani kurudi mama alilala, na Mzee Kayitare alilia kimyakimya kuanzia Busasamana hadi mjini, akisema ni vumbi, ilhali mvua ilikuwa imenyesha.

Mwezi Juni Uwera aliteremka Nengo na watoto, akamuuguza mama yake. Miezi ile haikuwa ya huzuni, nawaambia kweli. Nyumba ilijaa kelele. Uwera alivisoma vile vitabu vyote kwa mara ya kwanza akiwa msomaji wa kawaida, akacheka hadi kushika mbavu kwa yule wa chura, na akamwambia mwandishi uso kwa uso kwamba binti mfalme wa kandambili, pale anapopita shambani, anashika jembe kama mtu wa ofisi. Mwandishi alikubali kosa. Maumivu yalikuwepo, mwisho yalikuwa makali, na tulipoomba yaishe hatukuona aibu. Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mama yetu alipumua mara ya mwisho nyumbani kwake, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa kushoto wa Uwera, na mtaa wote ukasikia wajukuu wakiimba nje kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwanyamazisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na kumwambia ukweli, majirani wa Nengo walioleta chakula hata tulipokuwa nacho, walimu wenzake waliochukua darasa lake la tatu bila kungoja kuombwa, mapadri, na wakwe zetu wa Busasamana, ambao walitusamehe kwa nyimbo. Mzee Kayitare naye anaomba msamaha wenu, anasema mwenye binti wa kuposwa bado anaweza kumpigia simu.

Lipo neno la mwisho. Wachapishaji wa Kigali walikuja Agosti kumuuliza kuhusu kitabu cha tano, ambacho kina kurasa chache tu, binti mfalme amefika kwenye mlango wa darasa na hajaingia, na walitaka kujua nani atakimaliza, na kama inawezekana awe Uwera, kwa sababu watu wangefurahi. Mama alimtazama mwanawe aliyekuwa mlangoni akimenya viazi kwenye beseni, akawajibu, "Akitaka kuandika, aandike. Kama hataki, mumuache na viazi yake. Yule wa kitabu anaweza kubaki pale ku mlango, lakini huyu wangu amesharudi nyumbani."

Uwera, kiti cha kwanza kushoto ni chako, na umekikalia. Mama Uwera, kusubiri kumekwisha, lala sasa kwa amani.